Maelezo ya Jeraha

Jumanne, 4 Februari

Zamu ya mchana. Getini tangu saa kumi na mbili asubuhi. Foleni ya malori imepita yadi yetu, hakuna gari linalosogea. Madereva wamelala chini ya trela zao. Nyonga inauma tangu juzi.

Bosi alikuja saa nne. Anataka kila soja, sisi walinzi, awe anapanda juu ya trela kukagua turubai kabla gari halijatoka. Nikajaribu mbele yake. Ngazi ya tatu mguu wa kushoto ukakataa. Nikabaki pale nimeshika chuma, kupanda siwezi, kushuka siwezi. Dereva mmoja Mganda akanishika kiuno akanishusha. Bosi aliangalia simu yake.

Hapa Malaba watu wananiita Afande. Leo hakuna aliyeniita hivyo.

Alhamisi, 6 Februari

Bosi ameniita ofisini. Mpaka mwisho wa Juni, amesema, kisha atatafuta mtu anayeweza kupanda. Aliongea kwa heshima, mzee hivi, mzee vile. Nina miaka arobaini na tisa.

Rose amekuwa akiniambia kwa miaka mingi niombe pensheni ya ulemavu. Mke wangu huyu hachoki. Wenzako wanapata, husema, na wewe uliumia zaidi yao. Kila mara nilikuwa na sababu. Safari ni ndefu. Karatasi ni nyingi. Mvua. Leo sababu zimeisha. Nimemwambia sawa.

Alifurahi sana. Hilo ndilo lililoniumiza.

Jumapili, 9 Februari

Nabwire amenijazia fomu. Binti yangu anafanya kazi kwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, karibu na stendi, fomu ni mkate wake wa kila siku. Tulikaa mezani baada ya misa. Jina, namba ya jeshi, mwaka wa kuingia, mwaka wa kutoka. Nikamjibu vizuri tu. Kisha tukafika sehemu inayosema: eleza jinsi jeraha lilivyotokea.

Nilifungua mdomo. Akasema, "Baba, hii naijua."

Akaandika bila kuniuliza. Bomu lililotegwa barabarani. Lori kurushwa. Baba yangu, nyonga ikiwa imevunjika, alimvuta dereva kutoka kwenye moto, na dereva akafia mikononi mwake. Nafasi ikamwishia, akachukua karatasi nyingine. Chini kabisa aliandika jina lake kama mtu aliyesaidia kujaza, na kutia sahihi. Rose alikuwa mlangoni anamenya mihogo, anasikiliza kama mtu anayesikiliza wimbo anaoupenda.

Nami nikatia sahihi.

Jumatatu, 10 Februari

Wacha niandike hapa, maana hakuna mahali pengine.

Hakukuwa na bomu. Tairi ilipasuka.

Tulikuwa tumekaa ndani ya lori, nyuma, Somalia, saa nane mchana. Siku mbili kabla, lori la wenzetu lilikuwa limelipuliwa kwenye barabara hiyo hiyo. Tairi ikapasuka, mimi nikaruka. Peke yangu. Lori likiwa mwendoni. Bunduki nikaiacha ndani. Nikatua kwenye mawe kwa nyonga na kichwa. Sikio la kushoto halijasikia vizuri tangu siku hiyo.

Shemeji yangu alipiga simu hospitalini akauliza: ni bomu? Nikanyamaza. Basi. Niliporudi nyumbani Busibwabo nilikuta hema, viti, kwaya, na watu wakisema bomu. Ningeanzia wapi?

Dereva nilimwongeza mwenyewe. Mwaka wa pili, kanisani, nimesimamishwa mbele nitoe ushuhuda. Watu walinyamaza sana. Nilihitaji mtu wa kufa. Nikamtaja Ojiambo, dereva wetu, kwa sababu jina lake ndilo lililokuja.

Ojiambo yuko hai. Kwao ni Budalang'i.

Nabwire alikuwa na miaka kumi. Tangu hapo kila Novemba, kanisa likikusanya majina ya marehemu wa kuombewa, yeye huandika la Ojiambo pamoja na la bibi yake.

Mimi ni mtu mbaya. Sijui neno lingine.

Jumatano, 12 Februari

Fomu imetumwa. Rose amepika kuku.

Jumapili, 9 Machi

Hakuna jibu. Kila siku Nabwire ananiuliza kama nimeenda posta. Nasema bado.

Baada ya misa, katekista aliniuliza kama nitaongea na vijana wa komunyo kuhusu kujitolea. Nikasema ndiyo. Hata sasa. Hata baada ya kuandika niliyoyaandika hapo juu, mdomo ulisema ndiyo wenyewe.

Jumatano, 9 Aprili

Barua imefika. Niliichukua mwenyewe posta, nikashukuru Mungu kwamba si Nabwire. Niliisomea chooni kazini.

Maelezo yangu hayalingani na rekodi za utumishi. Dereva niliyemtaja kuwa marehemu yuko hai na analipwa pensheni. Nimepewa siku sitini kupeleka maelezo mapya, pamoja na ya shahidi aliyekuwepo. Mstari wa mwisho unasema kutoa habari za uongo ni kosa la jinai.

Nikaikunja mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama sabuni ya hoteli. Nikaitia ndani ya soksi.

Jasho. Na suruali pia imelowa. Hilo nalo sijawahi kuliandika: tangu Somalia mkojo haunisubiri. Rose peke yake ndiye anayejua. Ndiye anayefua.

Jumamosi, 12 Aprili

Rose ameuliza kama kuna habari. Nimesema ofisi iko na kazi nyingi.

Nikamtazama akikunja mashuka yangu.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimeenda Budalang'i. Nyumbani nilisema naenda Busibwabo kuangalia shamba.

Mto Nzoia umejaa. Maji yamekaa kwenye mashamba pande zote mbili za barabara, na migomba imesimama ndani yake. Mwenye boda aliniacha kwenye tuta la mto, akasema mbele hapiti. Nikatembea. Kila nikisimama kupumzisha mguu nilifikiria kurudi.

Ojiambo anatengeneza mashine za kusukuma maji. Nilimkuta nje ya nyumba, sehemu za injini zimetandazwa kwenye gunia. Amenenepa. Nywele nyeupe. Alinitambua kabla sijasema neno, akainuka na kunikumbatia na mikono yake yenye mafuta. Akaita mkewe alete kiti. Vitu vyote ndani ya nyumba vimepandishwa juu ya matofali kwa ajili ya maji.

Nilikuwa nimepanga maneno. Nimwombe aandike kwamba kulikuwa na mlipuko. Neno hilo moja tu. Tairi nayo hulipuka. Ofisi ingeelewa tairi, na nyumbani kwangu wangeelewa bomu.

Lakini alitaka kuona karatasi kwanza. Nikampa nakala ya fomu. Akavaa miwani akasoma polepole, kidole kwenye mstari. Mwandiko wa binti yangu.

"Mimi nilikufa saa ngapi?" aliuliza.

Niliangalia vipande vya injini kwenye gunia.

"Hapa inasema nilifia mikononi mwako." Akageuza karatasi kuona kama kuna zaidi. "Na watu wako nyumbani wanajua hivyo?"

Nikasema ndiyo. Miaka kumi na miwili.

Akavua miwani. Akachukua pistoni akaisugua kwa kitambaa. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukijua. Baada ya mimi kupelekwa hospitali, yeye alishtakiwa. Mwendo wa kasi, tairi mbovu, askari kuumia. Walimvua cheo. Alitoka jeshini bila kurudishiwa. Alidhani najua. Alidhani ndiyo sababu sikuwahi kumtafuta, kwamba nilikuwa na hasira naye.

Mimi ndiye niliyeruka, cheo kikatoka kwake. Na wakati huo mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa nikimzika.

Nikamwambia kuhusu neno mlipuko. Sijui kwa nini. Labda nilitaka anifukuze.

Hakunifukuza. Akasema, "Nitaandika nilichoona. Tairi ya nyuma, kushoto. Uliruka, uliumia, ulikuwa kazini. Hiyo inatosha. Kwa nini ulitaka bomu?"

Mkewe alileta ugali na samaki. Nilimeza.

Ijumaa, 25 Aprili

Homa kidogo. Sikwenda kazini. Rose alinipikia uji akaniuliza shamba likoje. Nikamwambia mahindi yamechipua.

Jumanne, 29 Aprili

Busia mjini. Siwezi kumpa Nabwire fomu ya pili. Nje ya ofisi za serikali kuna wanawake wanaopiga chapa chini ya miavuli. Nikamchagua yule aliye mbali na wengine. Mama wa makamo, amevaa sweta ingawa kulikuwa na jua.

Hakuniangalia usoni. Aliweka karatasi, akasema niseme.

Nikasema: tairi ya nyuma upande wa kushoto ilipasuka, na mimi nikaanguka kutoka kwenye lori.

Akapiga. Kisha akasimamisha vidole. Ojiambo alikuwa ameniandikia ushahidi wake, na mama huyu alikuwa ameupiga chapa kwanza. "Shahidi wako anasema uliruka. Wewe unasema ulianguka. Hayo ni mambo mawili tofauti, mzee. Niandike lipi?"

Malori yalikuwa yanapita kwenda mpakani. Sikio langu zima lilikuwa upande wa barabara, nikajifanya sikusikia. Akarudia, kwa sauti ya juu zaidi. Kijana aliyekuwa anangojea nyuma yangu akasikia pia.

Nikasema, "Niliruka."

"Kwa sababu gani?"

"Niliogopa."

Akapiga chapa. Niliogopa. Herufi tisa. Akanipa nisome, nikatia sahihi, akamwita mwenye zamu aliyefuata. Mama huyo alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa hilo, na sijui hata jina lake.

Nikaenda nyuma ya soko nikalia kama mjinga.

Jumatatu, 19 Mei

Barua. Wamepokea maelezo mapya. Bodi ya madaktari itakaa Busia tarehe 11 Juni. Nije na mtu wa familia ninayeishi naye, atoe maelezo ya hali yangu ya kila siku.

Mtu wa familia. Nimesoma mstari huo zaidi ya mara kumi.

Jumanne, 20 Mei

Nimemwonyesha Rose barua, ukurasa wa bodi tu. Tayari ameanza kuulizia nani atamlindia meza yake ya chapati siku hiyo. Ametoa lile gauni lake la bluu, la sikukuu.

Jumapili, 8 Juni

Nilitaka kumwambia leo. Baada ya misa tulitembea pamoja mpaka karibu na mto Malaba, kitu ambacho hatufanyi. Aliniuliza kama ninaogopa. Nikasema kidogo. Akasema yeye atakuwepo, niwaambie tu kila kitu kama nilivyowaambia watu kanisani.

Sikumwambia. Siku tatu zimebaki, na mimi ni yule yule aliyeruka.

Jumatano, 11 Juni

Bodi.

Watu watatu nyuma ya meza. Daktari mwanamke ndiye aliyekuwa anaongoza, kijana, labda ana miaka michache tu kumzidi Nabwire. Mkono wa kushoto wa Rose ulikuwa juu ya goti langu.

Walinifanya nitembee. Nichuchumae: sikuweza. Niinue mguu nikiwa nimelala. Wakanong'ona upande wa kushoto, nikasema sijasikia. Daktari akaniuliza kuhusu mkojo. Nikaangalia sakafu. Rose akajibu. Kwa utulivu tu: mara ngapi kwa wiki, tangu lini, kwamba nikisafiri huwa sinywi maji kutwa. Aliongea kama anayemweleza fundi cherehani imeharibika wapi. Nilikuwa sijui kwamba alikuwa anahesabu.

Kisha daktari akafungua faili. Akasema lazima asome maelezo ya jeraha, nithibitishe kwamba ni yangu.

Ningeweza kusema, mke wangu atoke kwanza. Nilikuwa na muda wa kusema hivyo. Sikusema. Sijui kama huo ulikuwa ujasiri au uoga mwingine.

Akasoma. Tairi. Aliruka. Aliogopa. Bunduki ilibaki ndani ya lori. Ushahidi wa dereva, Ojiambo, aliyeko hai.

Mkono ukaondoka kwenye goti langu. Haukuondoka kwa hasira. Aliurudisha tu kwenye mapaja yake, akaufunika na mwingine.

"Haya ni maelezo yako?" daktari aliuliza.

"Ndiyo."

"Mama, una la kuongeza?"

Rose akasema, "Maumivu ni ya kweli. Hayo nimeyaona mimi."

Nje tulisimama chini ya jua. Nikaanza kueleza, akainua kiganja. Tukapanda gari kurudi Malaba. Tulipofika mlangoni akasema, "Nabwire utamwambia wewe. Mimi sitakusaidia."

Jumamosi, 14 Juni

Nimemwambia Nabwire.

Nilimngoja arudi kutoka saiba. Nikamkalisha mezani, pale pale. Nikasema yote, mpaka simu ya mjomba wake, mpaka kanisani, mpaka bunduki. Sikulia, nilijizuia, niliona kulia kungekuwa kumdai kitu.

Hakusema lolote kuhusu bomu. Aliniuliza kama Ojiambo anajua kwamba amekuwa akiombewa. Nikasema hapana.

Kisha akasema, "Ni mkono wangu ulioandika, Baba. Niliweka sahihi yangu."

Akabeba mkoba wake akaenda kwa rafiki yake. Rose alikuwa chumbani, mlango wazi. Alisikia yote. Hakutoka.

Jumapili, 22 Juni

Nabwire bado hajarudi kulala nyumbani. Anapita asubuhi kuchukua nguo, ananisalimia kama jirani. Shikamoo. Marahaba.

Nimeenda kwa katekista. Nikamwambia nisiwekwe tena kwenye orodha ya kuongea na vijana, na nikamwambia kwa nini. Alitazama pembeni. Akasema kila mtu ana msalaba wake. Akafunga ofisi haraka. Kufikia Jumapili ijayo watajua wote. Wacha wajue. Hapana, sitaki wajue. Lakini wacha.

Jumatatu, 30 Juni

Siku ya mwisho yadini. Bosi alinipa mkono. Soja mpya alipanda juu ya trela mbele yangu kwa hatua nne.

Rose ananipikia, ananifulia, anajibu nikiuliza. Leo nilifua mashuka yangu mwenyewe. Alinikuta nyuma ya nyumba nimeinama kwenye beseni, mguu umenyooshwa pembeni. Akasimama. Akaniambia hiyo sabuni ni nyingi. Akaingia ndani.

Jumanne, 22 Julai

Barua ya ofisi ya pensheni. Nilimpa Rose afungue.

Imekubaliwa. Jeraha la nyonga, sikio, kibofu. Limepatikana kazini. Hakuna mahali waliposema shujaa, hakuna mahali waliposema mwoga. Kuanzia mwezi wa nane.

Rose alisoma mara mbili. Akasema, "Ungeweza kupata hii miaka yote hii." Akaenda kwenye meza yake ya chapati. Nilibaki nimeshika bahasha.

Amesema kweli. Miaka kumi na miwili amesimama mbele ya jiko la mkaa kwa ajili ya bomu langu.

Ijumaa, 25 Julai

Nimempigia Ojiambo simu kumshukuru. Maji yameshuka kwao. Nilimwambia nitaandika barua kuhusu cheo chake, niseme kwamba niliruka mwenyewe, kwamba lori halikunitupa. Akasema ni zamani sana sasa, hakuna atakayeisoma. Nikasema nitaandika hata hivyo. Akasema sawa, niandike.

Jumapili, 27 Julai

Mvua asubuhi, kisha jua. Sikwenda misa ya kwanza. Nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba nikichambua maharage kwa ajili ya Rose.

Nabwire akaja. Hakutoa shikamoo. Alivuta ndoo akaigeuza, akaikalia, akachukua ungo mwingine. Tukachambua. Kuku wa jirani alikuja akaokota mabovu tuliyotupa.

Baada ya muda akaniuliza, bila kuinua macho, "Ulipoanguka pale kwenye mawe, wale wengine walifanya nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Si daktari, si mama wa chapa, si Rose.

Nikamwambia walicheka. Lori lilisimama, wakachungulia nyuma wakaniona nimelala barabarani kwa ajili ya tairi, wakacheka wote, hata sajenti. Ojiambo pia. Nilisikia kwa sikio moja. Kisha wakaona sinyanyuki. Wakaruka chini, wakavua mashati wakafunga mguu, wakanibeba kwenye turubai mpaka kwenye kivuli. Walipokezana kunishikia maji. Hakuna aliyecheka tena.

Aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe dogo kwenye ungo, akalitupa.

"Wangapi walikubeba?" aliuliza.

"Sita."

"Majina yao?"

Nikaanza kumtajia.